Nyumba Zilizozaa Madaktari wa Meno

Isaac Greenwood wa Boston hakusomea udaktari. Alikuwa mkerezaji wa pembe, mtu wa kukaa mbele ya kerezo akiizungusha pembe ya ndovu na kuila kidogo kidogo kwa patasi mpaka itoe umbo alilolitaka mteja. Alitengeneza pia vyombo vya kupimia. Katika karne ya 18, Marekani ilipokuwa bado makoloni ya Uingereza, fundi wa namna hiyo hakukosa kufuatwa na wenye mapengo. Mkono unaojua kuikata pembe isipasuke unajua pia kuichonga ikawa jino. Taratibu karakana ile ya pembe ikawa pia mahali pa meno.

Naanzia katika nyumba hiyo kwa sababu madaktari wa meno wa mwanzo wa nchi ile hawakutoka chuoni. Hakukuwa na chuo. Walitoka katika karakana za pembe, za fedha na za useremala. Walitoka kwa vinyozi waliokuwa na koleo zao. Na zaidi ya yote walitoka majumbani, ambako baba alimfunza mwana, kaka akamfunza ndugu, na baadaye, kwa taabu kubwa, mke akajifunza kwa mume na mume akajifunza kwa mke. Leo mgonjwa akiingia katika kliniki ya familia huviona vyeti ukutani, akasoma jina la chuo na mwaka wa kuhitimu, moyo ukatulia. Ni haki yake. Lakini nyuma ya vyuo vya kwanza vya meno zilikuwapo nyumba za watu, na atakaye kujua daktari wake ametoka wapi hana budi kuzipigia hodi nyumba hizo.

Kwa Greenwood aliishi kijana aliyeitwa Samuel Maverick, mwanagenzi wa ukerezaji mwenye umri wa miaka 17. Alilala kitanda kimoja na John, mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuwa na miaka tisa. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 askari wa Kiingereza waliufyatulia risasi umati wa watu mjini Boston, na Samuel akawa miongoni mwa waliopigwa. Alikufa asubuhi yake. John alikuja kuandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba baada ya kifo kile alikuwa akienda kulala gizani makusudi, akitumaini kuiona roho ya rafiki yake. Nalisimulia hili kwa sababu mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa daktari wa meno maarufu kuliko wote wa kizazi chake, na watu wamezoea kumkumbuka kwa sababu ya mgonjwa mmoja tu, kana kwamba hakuwa na maisha mengine.

John alipelekwa kuishi kwa ndugu wa baba yake, fundi wa samani, kaskazini mwa Boston. Vita vya uhuru vilipolipuka mwaka 1775 alitoroka, akaenda kwa miguu kuwatafuta wazazi wake, akaishia kuandikishwa jeshini kama mpiga filimbi kabla hata hajawa mtu mzima. Desemba 1776 alikuwa katika kikosi kilichovuka mto Delaware pamoja na Jenerali George Washington kwenda kushambulia Trenton. Baadaye akawa baharia katika meli za kivita. Vita vilipokwisha alifika New York, akiwa hana mali ila ule ufundi wa mikono uliokuwa katika damu ya nyumba yao. Alianza kwa kutengeneza vyombo vya mabaharia. Mmoja wa ndugu zake alikuwa tayari anafanya kazi ya meno mjini humo, na inasimuliwa kwamba tabibu mmoja alimwomba John amsaidie kung'oa jino, akaling'oa, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Kinachonivutia zaidi kwake ni chombo alichokitengeneza karibu na mwaka 1790. Alichukua gurudumu la kusokotea uzi la mama yake, lile la kukanyagwa kwa mguu, akaligeuza liendeshe keekee ya kutobolea. Kabla ya hapo fundi wa meno alizungusha keekee kwa vidole, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukihangaika kufanya kila kitu kingine. Kwa gurudumu la mama, mguu ulifanya kazi ya nguvu na mikono miwili ikabaki huru kwa kazi ya umakini. Baba alimwachia ujuzi wa pembe, mama akamwachia gurudumu.

Yule mgonjwa mmoja alikuwa Washington, aliyeapishwa kuwa rais Aprili 1789 akiwa amebakiwa na jino moja tu kinywani. Greenwood alimtengenezea meno ya bandia ya chini yaliyochongwa katika jino la kiboko, yakashikiliwa kwa waya za dhahabu na vijiskurubu vya shaba, na akaacha tundu mahususi ili lile jino moja lipenye na kusaidia kuyashika. Mwaka 1796 jino lenyewe likang'olewa. Greenwood aliliomba, akalihifadhi ndani ya kidani alichokivaa pamoja na saa yake. Watoto wengi duniani wamefundishwa kwamba rais huyo alikuwa na meno ya mti. Si kweli. Meno yake yalikuwa ya kiboko, ya ndovu, ya wanyama wengine, na ya binadamu pia. Hapo ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo, kwani daftari la hesabu la mwaka 1784 la shamba la Washington linaonyesha malipo ya shilingi 122 kwa Weusi, kwa meno tisa. Yaelekea watu hao walikuwa watumwa wake. Hakuna asemaye waliulizwa kama wanataka kuyauza.

Na kiboko? Mnyama huyo ni wa Afrika, na fundi alimpenda kwa sababu jino lake ni gumu kuliko pembe ya ndovu na halibadiliki rangi upesi. Katika karne ya 19 meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Zanzibar pamoja na pembe za ndovu na karafuu, na mabaharia wa Salem, kaskazini mwa Boston, walikuwa wageni wa mara kwa mara bandarini hapo. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kwa hiyo baadhi ya vinywa vilivyotafuna nyama ng'ambo ya Atlantiki vilitafuna kwa meno yaliyobebwa kichwani na wapagazi wetu. Hayo hayakuandikwa kwenye hati ya fundi yeyote.

Wana wanne wa mzee Isaac walishika kazi ya meno: John, Isaac wa pili, Clark na William Pitt. Kisha mtoto wa John naye akamrithi baba yake New York. Vizazi vitatu, bila mtihani wala joho. Mtu aliyetaka kuwa miongoni mwao bila kuzaliwa nao alikuwa na njia moja tu, kuwabishia mlango.

Horace Hayden alikuwa mmoja wa waliobisha. Alizaliwa Connecticut mwaka 1769, akawahi kuwa kijana wa melini katika safari za visiwa vya Karibi, kisha akawa seremala na mchoraji wa majengo kama baba yake. Katika miaka ya 1790 alikwenda New York kutibiwa meno na John Greenwood. Alikaa kwenye kiti kama mgonjwa, akainuka akiwa ameamua kuacha majengo. Greenwood hakumfukuza kama mshindani wa kesho. Alimpa maarifa na vitabu vya kusoma. Hayden akahamia Baltimore, akafanya kazi huko miaka mingi, akisoma utabibu kwa bidii na kuokota mawe pia, kwa kuwa alikuwa mwanajiolojia wa kujifunza mwenyewe. Kila nikisoma habari zake naona mtu aliyesumbuliwa na jambo moja: kazi aliyoipenda ilikuwa inapitishwa kwa kunong'onezana, kila fundi akificha dawa yake na mbinu yake, na mgonjwa hana namna ya kumjua fundi mwema na tapeli mwenye koleo.

Wakati huohuo, mbali na miji ya pwani, mlango mwingine ulikuwa wazi. Katika kijiji cha Bainbridge, jimbo la Ohio, tabibu John Harris alianza mwaka 1827 kuwafundisha vijana nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa ndogo. Vijana walikuja kujiandaa kwa udaktari wa kawaida, na humo humo Harris akawafundisha meno: jinsi yanavyoota, jinsi yanavyooza, jinsi ya kuyaziba na kuyang'oa. Mafunzo yale hayakudumu miaka mingi. Lakini angalia nani walipita hapo. Mmoja alikuwa mdogo wake mwenyewe, Chapin Harris. Mwingine alikuwa kijana wa eneo hilohilo, James Taylor.

Chapin alihamia Baltimore, akakutana na mzee Hayden. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa kaka yake, mwingine mwanafunzi wa fundi aliyekuwa mtoto wa fundi. Inasimuliwa kwamba waliomba kozi ya meno ifunguliwe ndani ya chuo cha utabibu cha Maryland, wakakataliwa. Basi wakajenga cha kwao. Mwaka 1840 kilizaliwa Chuo cha Upasuaji wa Meno cha Baltimore, cha kwanza duniani cha aina yake. Darasa la mwanzo lilikuwa na wanafunzi watano, na mwaka 1841 wakahitimu wawili, Robert Arthur na R. Covington Mackall, wa kwanza kabisa kuitwa madaktari wa upasuaji wa meno kwa shahada. Naye James Taylor, kijana wa Bainbridge, alishiriki kuanzisha chuo cha pili, cha Ohio, mjini Cincinnati, mwaka 1845.

Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, wala sitaki mtu ayapunguze. Chuo kilimaliza minong'ono. Kilisema hadharani kwamba jino ni sehemu ya mwili, lina mishipa na damu, na anayeligusa lazima ajue mwili. Lakini nyumba na chuo vilitofautiana kwa jambo moja ambalo waanzilishi hawakulitafakari. Nyumbani mwanagenzi alipokelewa kwa sababu mwenye nyumba amemtaka, awe nani awe. Chuo kilikuwa na kanuni za kuingia, na kanuni zile, hata pale zisipoandikwa, zilimjua mwanafunzi mmoja tu: mwanamume Mzungu. Waliobaki nje iliwabidi warudi katika njia ya zamani.

Emeline Roberts wa Connecticut aliolewa mwaka 1854 akiwa na miaka 18. Mumewe, Daniel Jones, alikuwa daktari wa meno. Bibi harusi alitaka kujua kazi ile. Mume alikataa, akisema vidole vya mwanamke ni dhaifu na vizito, havifai kwa kazi ya meno. Emeline hakubishana. Aliyaokota meno ambayo mumewe ameyang'oa, akayatoboa, akayaziba, moja baada ya jingine, kwa siri, mpaka akawa na mamia ya meno yaliyozibwa ndani ya chupa kubwa ya kioo.

Ili kuelewa uzito wa chupa ile lazima ujue kuziba jino kulihitaji nini zama hizo. Ziba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya dhahabu. Fundi alikwangua uozo wote mpaka afike kwenye sehemu ngumu, akalipa shimo umbo la kushika, pana chini na jembamba mdomoni. Kisha akachukua karatasi nyembamba mno ya dhahabu, akaipachika kipande kwa kipande na kuishindilia kwa chombo cha chuma, kila tabaka likibanwa juu ya lingine mpaka liwe kitu kimoja kisichopitisha mate. Mkandamizo ukizidi, jino hupasuka. Ukipungua, mate hupenya na uozo huendelea chini ya dhahabu mahali ambapo hakuna auonaye. Mwaka 1855 Robert Arthur, yuleyule mhitimu wa mwanzo wa Baltimore, alionyesha kwamba karatasi ya dhahabu ikipashwa moto vizuri hushikana yenyewe kwa yenyewe, na kazi ikapata uthabiti mpya. Ni mwaka uleule Emeline alipomwekea mumewe chupa ile mbele ya macho. Daniel Jones aliyatazama meno, na kwa heshima yake niseme kwamba alikubali alichokiona. Alimruhusu mkewe kugusa wagonjwa. Mwaka 1859 akamfanya mshirika kamili wa kazi.

Mwaka 1864 mume alifariki. Emeline alibaki na watoto wawili. Angeweza kuuza vyombo. Badala yake alichukua kiti cha meno cha kubebeka, akafungasha koleo na dhahabu, akaanza kuzunguka mashariki ya Connecticut na jimbo jirani la Rhode Island, mji kwa mji, akitibu watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mwanamke akishika kinywa cha mgeni. Mwaka 1876 akatulia New Haven, akafungua kliniki yake, na alikaa hapo akifanya kazi hadi mwaka 1915. Mwaka 1883 chama cha madaktari wa meno wa jimbo lake kilimpokea. Mwanawe alisomea meno Harvard na utabibu Yale, kisha akaja kufanya kazi na mama yake. Hebu fikiria mgonjwa wa New Haven anayeingia mlango ule miaka ya mwisho ya karne ile: kushoto daktari mwenye shahada mbili za vyuo vikubwa, kulia daktari asiyekuwa na hata moja. Na wa pili ndiye mwenye kliniki.

Emeline hakuwahi kuomba chuo. Lucy Hobbs aliomba, na aliomba tena.

Alizaliwa mwaka 1833 kaskazini ya mbali ya jimbo la New York, katika nyumba ya watoto kumi, akafiwa na mama angali mdogo. Alisoma katika shule ya bweni ya Malone, akahitimu mwaka 1849, akawa mwalimu Michigan kwa karibu miaka kumi. Ualimu ulikuwa karibu kazi pekee ya heshima kwa msichana asiye na mali. Mwaka 1859 alifika Cincinnati akitaka kuwa tabibu. Chuo kimoja cha utabibu alichokitegemea kilimkataa kwa kuwa ni mwanamke. Profesa mmoja wa chuo hicho, Charles Cleaveland, alikubali kumfundisha faraghani, na ndiye aliyemshauri ajaribu meno. Hapo akamwendea Jonathan Taft.

Jina hilo la Taft lishikwe vizuri. Alikuwa mhitimu wa chuo cha Ohio, mmoja wa wakuu wake, na mhariri wa jarida la meno lililosomwa nchi nzima. Alimpokea Lucy katika ofisi yake kwa miezi michache, akimtafutia mahali pa uanagenzi wa kudumu. Hatimaye Samuel Wardle, mhitimu mwingine wa chuo hichohicho, alikubali kumchukua. Mwaka 1861 Lucy aliomba kuingia chuoni. Chuo kilichoanzishwa na kijana aliyefundishwa katika nyumba ya Bainbridge kilimkataa, tena kwa sababu ileile. Walimu wake binafsi walikuwa watu wa chuo kilekile. Mtu mmoja mmoja walimwona ana uwezo. Wakikaa pamoja kama baraza, hawakuweza kumpokea.

Wardle alimwambia asingoje cheti. Sheria ya siku zile haikumzuia mtu kufungua ofisi bila shahada, na wengi wa wanaume waliotibu meno hawakuwa nayo. Lucy alifungua Cincinnati masika ya mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwezi Aprili, biashara ikafa. Akahamia magharibi, Iowa, kwanza Bellevue na kisha McGregor, mji wa bandari kando ya mto Mississippi. Huko alifanya kazi miaka mitatu na jina lake likaenea. Meno bandia ya bei nafuu yalikuwa yameanza kuingia kwa watu wa kawaida, kwa kuwa mpira mgumu uliopikwa na salfa ulikuwa umechukua nafasi ya pembe na dhahabu kama kitako cha meno. Mkulima ambaye baba yake aliishi na mapengo mpaka kaburini sasa aliweza kununua meno. Fundi mwenye mikono mizuri hakukosa kazi.

Julai 1865 madaktari wa meno wa Iowa, wanaume watupu, walimpokea Lucy katika chama chao na kumteua awe mmoja wa wajumbe wao kwenye mkutano wa taifa mjini Chicago. Walikwenda mbali zaidi: walidai kwamba chuo cha Ohio kimpokee, vinginevyo kitajua hasira za wenye taaluma. Novemba mwaka huo mlango ulifunguliwa. Miaka yake ya kazi ilihesabiwa kuwa masomo, akaingizwa mwaka wa mwisho moja kwa moja. Tarehe 21 Februari 1866 Lucy Hobbs alipewa shahada, mwanamke wa kwanza duniani kupata shahada ya udaktari wa meno. Kwa hesabu ya ukumbi wa darasa alisoma miezi kama minne. Kwa hesabu ya kweli alikuwa amesoma miaka saba, na sehemu kubwa ya masomo hayo aliyapata katika ofisi za watu waliomfungulia mlango wa nyuma.

Alifungua kazi Chicago, na Aprili 1867 akaolewa na James Taylor. Huyu si Taylor wa Bainbridge. Ni mwingine, mkongwe wa vita, fundi wa kupaka rangi mabehewa ya reli. Lucy alimfundisha kazi ya meno. Nimelisoma jambo hili katika wasifu wake mara nyingi likipitiwa kwa sentensi moja, nami naona linastahili zaidi. Kwa vizazi vitatu vya akina Greenwood, kwa akina Harris, kwa akina Jones, ujuzi ulitoka kwa mwanamume. Hapa mpaka rangi, mtu mzima aliyezoea brashi pana na mbao za behewa, alisimama kando ya mkewe akajifunza kuona tofauti ya rangi kati ya jino zima na jino lililoanza kuoza. Kama kazi yake ya zamani ilimsaidia, sitashangaa. Macho yaliyozoea rangi hayapotezi mazoea yake kwa kubadilisha kazi.

Mwishoni mwa mwaka 1867 walihamia Lawrence, Kansas. Mji huo ulikuwa na jeraha bichi. Tarehe 21 Agosti 1863 wapiganaji wa kusini wakiongozwa na William Quantrill waliuvamia alfajiri, wakaua wanaume na wavulana zaidi ya 150 na kuchoma sehemu kubwa ya mji. Wenyeji walikuwa bado wanajenga. Daktari na daktari, mke na mume, walifungua ofisi, na mwaka 1871 wakajenga jengo katika mtaa wa Vermont lililosimama mpaka leo. Kliniki yao ikawa mojawapo ya zilizoaminika sana katika jimbo. James alifariki mwaka 1886. Lucy alipunguza kazi baada ya hapo, akajitia katika harakati za kuwapatia wanawake kura. Mwaka 1887 wanawake wa Kansas waliruhusiwa kupiga kura katika chaguzi za miji. Kura kamili ilikuja mwaka 1912, naye alikuwa amefariki Oktoba 1910.

Njia hiyohiyo ya kupitia ofisi ya mtu ndiyo iliyowapitisha Wamarekani Weusi. Robert Tanner Freeman, aliyezaliwa mjini Washington mwaka 1846 na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alikuwa msaidizi katika ofisi ya daktari Mzungu, Henry Bliss Noble, ambaye alimhimiza asome. Vyuo viwili vilimkataa. Harvard, iliyoanzisha shule ya meno mwaka 1867, ilimpokea chini ya mkuu wake wa kwanza Nathan Cooley Keep, mtu aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa sonara. Freeman alihitimu Machi 1869, wa kwanza miongoni mwa Weusi nchini mwake kupata shahada ya meno. Alikufa mwaka 1873 akiwa hajafika miaka 30. Mwaka 1870, mwaka mmoja baada ya Freeman kuhitimu, alihitimu George Franklin Grant, mtoto wa watumwa wa zamani aliyeanza akiwa na miaka 15 kutumwa huku na huko katika ofisi ya daktari wa meno wa mji wa kwao. Huyu alikuja kufundisha Harvard na kuwatengenezea vifaa vya kinywani watu waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, ili waweze kula na kuzungumza.

Kisha kuna Ida Gray. Alizaliwa Clarksville, Tennessee, mwaka 1867, mwaka ambao Lucy Hobbs alikuwa anamfundisha mumewe kushika keekee. Mama yake alifariki mapema. Shangazi yake Caroline Gray, mwanamke aliyeishi kwa kushona nguo, alimchukua Cincinnati na kumlea pamoja na watoto wake. Ida alisoma katika shule ya Gaines, ya watoto Weusi, na baada ya vipindi alifanya kazi. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa ya Jonathan Taft.

Taft alikuwa amezeeka. Tangu mwaka 1875 alikuwa mkuu wa kwanza wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Michigan, huku akiendelea na kazi yake Cincinnati. Karibu miaka 30 ilikuwa imepita tangu mwalimu wa shule kutoka New York aingie ofisini kwake akitaka kufundishwa, chuo chake kikamkatalia. Huko Michigan wanawake walikuwa wanapokewa, na Taft alisimama upande wao. Katika ofisi yake Ida alijifunza majina ya vyombo, tabia za wagonjwa, harufu ya dawa, na mwanzo wa kazi yenyewe kiasi kwamba mtihani wa kuingia chuoni haukumshinda. Aliingia Michigan mwaka 1887. Juni 1890 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuhitimu udaktari wa meno.

Alirudi Cincinnati akafungua ofisi. Mwaka 1895 aliolewa, akahamia Chicago, na huko akafanya kazi miaka mingi akiwatibu watu wa kila rangi, wanaume kwa wanawake, na hasa watoto, ambao alisifika kwa kuwatuliza. Aliishi hadi mwaka 1953. Miongoni mwa wagonjwa wake wa Chicago alikuwapo mwanamke kijana, Olive Myrl Henderson, aliyekuja kutibiwa meno, akamtazama daktari wake akifanya kazi, akaenda kuisomea kazi hiyo, kisha akafungua ofisi yake mwenyewe katika mji huohuo.